Early Man: katuni ya watu wa mapangoni ambayo kiukweli ni muvi ya mpira

Hii muvi imetoka tangu 2018 na bado naona wazazi wengi hapa Tanga hawaijui, au wameliona jina wakaipita wakidhani ni katuni nyingine ya dinosau. Siyo jamani. Dinosau wapo mwanzoni tu, wawili wanapigana, kimondo kinadondoka, kwisha habari yao. Baada ya hapo ni mpira. Mpira wa miguu kabisa, na refa, na mastaa wenye maringo, na timu ya watu wa porini ambao hawajawahi kugusa mpira inatakiwa iende mjini ikacheze na timu kubwa, uwanja umejaa mpaka pomoni. Sasa niambieni mtu gani wa Tanga aliyekulia karibu na kelele za uwanja wa Mkwakwani atashindwa kuielewa stori hiyo.

Stori kwa ufupi, simmalizii mtu utamu. Kimondo kikishadondoka watu wa kale wanatoka walikojificha wanakuta kipande cha jiwe bado kinafuka moshi, wa kwanza anakiokota kinamuunguza anakirusha kwa mwenzie, mwenzie naye kinamuunguza anakiachia, kinaangukia mguuni, anakipiga teke, wa tatu naye teke, na hapohapo unaona nyuso zinabadilika, wameshasahau kuungua wanafurahia. Mpira umeshazaliwa. Hamna aliyeongea neno la maana, ni mihemo na macho tu, na mtoto wa miaka mitano anaelewa sawasawa na mtu mzima.

Miaka inapita mingi sana, tunakutana na Dug, kijana wa kabila dogo linaloishi kwenye bonde la kijani lililobaki pale kimondo kilipopiga. Kazi yao ni kuwinda sungura na hata sungura wenyewe wanawatoa jasho. Dug anataka siku moja wawinde mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, chifu wao mzee Bobnar anamgomea, sisi ni watu wa sungura bwana, na mimi mwenyewe nimeshazeeka, nakaribia miaka 32. Mama yangu hapo alicheka mpaka akashika ukuta. Basi wanavamiwa na watu wa Zama za Shaba, wamekuja na mamothi waliovikwa maderaya, bwana mkubwa wao anaitwa Lord Nooth, anataka lile bonde kwa ajili ya madini, anawafukuza kwenye nchi kame ya mavolkano. Dug anajikuta mjini kwa bahati mbaya, anasukumwa mpaka katikati ya uwanja wakidhani ni mchezaji, na akigundulika anatoa chalenji: tucheze, tukishinda mturudishie bonde letu, tukifungwa mtupeleke machimboni maisha yetu yote. Mpaka hapo inatosha, mengine mkaangalie.

Tumeiangalia nyumbani Makorora mimi, wifi yangu, mama yangu na watoto wa kaka, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba hakuna aliyekuwa anamsindikiza mwenzie. Mnajua katuni nyingi mtu mzima anakaa tu kwa ajili ya mtoto, jicho moja kwenye simu. Hii hapana. Watoto walicheka na Hognob, yule nguruwe pori wa Dug, ambaye haongei lakini ana akili kuliko nusu ya kabila, sisi wakubwa tukacheka na mambo ya mpira. Kwa ndugu zangu ambao nguruwe kwenye skrini anawapa mashaka mbele ya watoto, huyu ni mnyama wa kufugwa na kukimbia naye tu, sikuona sehemu anachinjwa wala kuliwa.

Sasa ilivyotengenezwa, maana hapa ndo penyewe. Hawa jamaa wanaitwa Aardman, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa 1972, makao yao mji wa Bristol, na wao hawachori kwenye kompyuta kama wengine, wanafinyanga. Ni wanasesere kweli wa plastisini na malighafi nyingine, ndani wana mifupa ya chuma yenye viungo ili wakunjike, wamesimamishwa kwenye vijumba na miti iliyotengenezwa kwa mkono. Mtu anamsogeza mwanasesere kidogo, anapiga picha, anamsogeza tena kidogo, anapiga picha, akitaka aongee anambadilishia mdomo, mdomo wa kutamka a, mdomo wa kutamka o, wa kufumba, hivyo hivyo. Sekunde moja ya muvi ni picha 24. Muvi nzima ni dakika 89, pigeni hesabu wenyewe, zinazidi picha laki moja na ishirini na nane elfu, na hata kama pozi moja wanalipiga mara mbili bado ni kazi ya kichaa cha subira. Ndo maana muvi zao zinachukua miaka. Uwanja uliojaa watu walitumia kompyuta, kufinyanga maelfu ya mashabiki mmoja mmoja ingekuwa mateso, ila wale wahusika wenyewe ni wa kushikika.

Na inaonekana! Simamisha picha pale Dug ametoa sura karibu, angalia shavuni na kwenye nyusi, utaona mikunjo na alama za vidole vya mtu. Hawakuzifuta. Mimi hizo alama zinanigusa sana, kwa sababu unajua kabisa kuna binadamu alikuwa ameshika lile shavu, akaliachia, akarudi nyuma, akabonyeza kamera. Katuni nyingi za siku hizi kila kitu kinang'aa na kuteleza, ngozi haina hata doa, watoto wanaangalia wanasahau jioni ileile.

Mwongozaji ni Nick Park, yule aliyewabuni Wallace na Gromit, wale wanasesere wa plastisini, bwana na mbwa wake, ana Oscar nne huyo mtu, na alishaongoza Chicken Run ya mwaka 2000 akiwa na mwenzie Peter Lord. Hii ndo muvi ndefu ya kwanza kuongoza peke yake. Na ile mihemo na miguno yote ya Hognob ni sauti yake mwenyewe. Dug ni Eddie Redmayne, Nooth ni Tom Hiddleston, huwezi kumtambua kabisa jinsi alivyoibana sauti na lafudhi ya Kifaransa cha kulazimisha. Mle mwanzoni kuna kitu kizuri kimefichwa, wale dinosau wawili wanaopigana wameitwa Ray na Harry, ni heshima kwa Ray Harryhausen, fundi mkubwa wa zamani wa kuwapa uhai majini na mazimwi kwa njia hii hii ya picha moja moja. Mwanafunzi kumtaja mwalimu wake namna hiyo, nimependa.

Kesho yake nikawakuta watoto uani na udongo wa mfinyanzi wameukanda na maji, wamefinyanga mbuzi, simu ya mama yao wameiegemeza kwenye ndoo ya rangi, mmoja anasogeza mguu wa mbuzi, mmoja anapiga picha. Mbuzi akakauka jua likampasua mgongo, wakampaka maji wakaendelea. Mchana mzima ukaisha, mbuzi akawa ametembea kutoka kizingitini mpaka kwenye kinu, na ukizicheza picha zote kwa haraka ni sekunde chache tu lakini anatembea, anatembea kweli, na mkia anatikisa. Sijawahi kuona katuni nyingine ikawatoa watoto mbele ya tivii ikawapeleka kufanya kazi.

Turudi kwenye mpira. Aliyeandika hii muvi anaujua mpira na anaupenda, huwezi kudanganya kitu hicho. Timu ya mjini inaitwa Real Bronzio, nadhani mnajua ni nani anachokozwa hapo, na wamejaa wachezaji wenye nywele na mbwembwe, kila mmoja ni staa, kila mmoja anataka afunge yeye, pasi hatoi. Mnawajua hao. Tumewaona. Timu imesajili majina, mashabiki wamelipa viingilio, ikiingia uwanjani kila mtu na mpira wake. Na wale wa bondeni hawana mguu, hawana pumzi, mmoja rafiki yake mkubwa ni jiwe na anaongea nalo kabisa, lakini wanajuana tangu utotoni, mmoja akianguka mwingine keshafika. Muvi inakuonyesha hilo kwa vitendo kwenye mazoezi na kwenye gemu, haikuhubirii.

Halafu kuna utani mmoja mzito ambao mtoto hataupata ila baba yake atapasuka. Kwenye kuta za pango kuna michoro ya mababu, Dug anagundua kumbe babu zao ndo walioanzisha mpira, furaha imemjaa, halafu michoro ikiendelea inaonekana walikuwa wanafungwa tu, kila mechi. Hapo Waingereza wanajicheka wenyewe, watu wanaojisifu mpira umetokea kwao na kombe la dunia la wanaume wamelibeba mara moja tu, 1966. Na muvi inafunguka na maandishi kwamba tupo karibu na Manchester, muda wa chakula cha mchana. Mwenye mume wa Manchester, yoyote kati ya zile mbili, amwite aje akae. Na sisi mashabiki wa Coastal Union hapa tunaohesabu ubingwa wa 1988 mpaka leo tuna haki ya kucheka kuliko mtu yeyote, na wale wa African Sports, Wana Kimanumanu, nanyi njooni, mnajua uchungu wa kushuka na kupanda.

Kitu kingine kidogo ila nimekipenda mno: marudio. Uwanjani tukio likishatokea, kwa kuwa hakuna tivii Zama za Shaba, kuna kijukwaa kidogo kinafunguka juu na vinasesere vidogo vya mti vinaigiza upya goli lilivyoingia. Yaani wanasesere wanaangalia wanasesere. Inapita haraka, usiende kuchota bisi muda huo.

Goona sasa. Huyu ni binti wa mjini anayeuza masufuria na vikaango, sauti ya Maisie Williams, na anacheza mpira kuliko wanaume wote wa Real Bronzio, ila uwanja ule mwanamke haruhusiwi kukanyaga. Anachofanya ni kumsaidia Dug kupata mipira kisha anakuwa kocha wao na mchezaji wao. Hawajamfanya mchumba wa mtu. Nilikuwa nangojea ile sehemu ya kushikana mikono machweo ya jua, haikuja, nikashukuru. Binti wa kaka yangu ana miaka tisa, anacheza na wavulana pale uwanja wa shule na kila siku anasikia maneno, wewe mtoto wa kike rudi nyumbani ukamsaidie mama, alivyomuona Goona anapita na mpira katikati ya mabeki alisimama. Hakukaa tena mpaka muvi ikaisha. Akaniuliza, shangazi, na Twiga Stars nao walikatazwa? Nikamwambia wapo waliokatazwa na wapo waliocheza hivyo hivyo, na leo wanavaa jezi ya taifa.

Nooth mwenyewe ni adui wa kuchekesha, siyo wa kutisha, mpenda pesa, anahesabu viingilio na sarafu za shaba. Ana bosi wake, malkia, anayemletea ujumbe kwa ndege. Huyo ndege jamani! Anasikiliza maneno yako, anaruka, akifika kwa mwenye ujumbe anaurudia wote na sauti na hasira na hata kibao ulichotaka kumpiga anakipiga. Kuna sehemu Nooth anataka kufuta maneno aliyoyasema vibaya na ndege anazidi kuyatunza. Pale kila mtu aliyewahi kutuma voisi kwenye grupu la familia kwa bahati mbaya ataumia na kucheka pamoja. Na ipo sehemu ya bafuni na Hognob, siisemi, ila mama yangu aliomba irudishwe nyuma.

Mapungufu yapo na siyaonei haya. Kabila lina watu wengi na muvi ni fupi, kwa hiyo ukitoa Dug, Bobnar, Treebor yule bonge mwenye woga na mama yake, na mwenye jiwe, wengine unawajua kwa kofia na meno tu. Mazoezi yamepita haraka sana, yaani hawajui kupiga mpira, wimbo mmoja, wanajua, mimi ningetaka dakika kumi zaidi pale kwenye mavolkano ndo tuone jasho. Na mwendo wa stori mtu yeyote aliyeona muvi za timu dhaifu na timu kubwa anautabiri kuanzia katikati, hakuna kona itakayokushtua. Ukiwa umeshaona kazi nyingine za Nick Park, zile fupi za Wallace na Gromit, utaona kule kulikuwa na ujanja zaidi kwenye kila fremu. Utani mwingine umejificha kwenye Kiingereza chao, usiposikia Kiingereza vizuri unapita bila kukugusa, japo mwili na sura zinabeba sehemu kubwa.

Kwa sababu hiyo msiichukue ile iliyotafsiriwa. Nilianza nayo hiyo, nimejaziwa kwenye flashi kibanda kimoja mjini, na mimi napenda muvi za kutafsiriwa, nimekua nazo, ila huyu mtafsiri hakunyamaza hata sekunde moja, pale kwenye jiwe la moto ambapo utamu wote ni ukimya na miguno yeye anatangaza mechi na kusalimia washkaji zake wa mtaani. Muvi ya namna hii inataka usikie kila mguno wa nguruwe. Chukueni ya sauti yake yenyewe, mtoto akiuliza mwambieni kwa kifupi, mengi hatauliza.

Ataulizia mengine lakini, jiandaeni. Kwetu swali la kwanza lilikuwa hivi kweli watu na dinosau waliishi pamoja, na jibu ni hapana, dinosau wakubwa waliisha kama miaka milioni 66 iliyopita, binadamu hata dalili hakuwepo. Muvi inachanganya makusudi kwa ajili ya kuchekesha. Hapo mzazi una nafasi nzuri sana usiiache, maana vitu vyenyewe viko kwetu. Mifupa ya dinosau mkubwa sana ilichimbwa Tendaguru kule Lindi kuanzia 1909 mpaka 1913, Wajerumani wakaibeba, na mpaka leo imesimama makumbusho ya Berlin. Watu wa kale wa kweli, fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai 1959, nyayo za Laetoli 1978, zina miaka zaidi ya milioni tatu na nusu. Michoro ya mapangoni ipo Kondoa. Na hizo Zama za Shaba za Nooth sehemu kubwa ya huku kwetu hazikupita, tulitoka kwenye mawe tukaingia kwenye chuma moja kwa moja. Na samaki silikanti, ambaye dunia nzima ilidhani ameisha na dinosau mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, wavuvi wa Tanga hapa wanamtoa baharini na ndo maana tuna hifadhi yake.

Mnaoweza, iangalieni Ijumaa usiku halafu wikiendi wapelekeni watoto Mapango ya Amboni, siyo mbali, ni barabara ile ya kwenda Horohoro. Sisi tulienda, na yule binti aliingia na tochi anapapasa ukuta wa chokaa anatafuta mchoro wa mtu anapiga mpira. Yule anayetembeza wageni mapangoni akamwambia michoro ya hivyo hamna humu, kuna popo, akatuonyesha popo na yale mawe yaliyochongwa na maji mpaka yakaota maumbo. Na mdogo wake akawa anapiga vijiwe teke njia nzima mpaka mama yake akamkataza asije akamtoa mtu jicho.

Umri: kuanzia miaka mitano, sita hivi ndo wanaifaidi, wakubwa hakuna kikomo. Matusi hayapo, mapenzi hayapo, damu haipo, kuna utani wa makalio kidogo wa kawaida wa watoto. Ila kule nchi kame kuna bata mmoja mkubwa kuliko nyumba, ana meno, anakimbiza watu kwa ghafla, na wetu wa miaka mitatu alilia pale, kwa hiyo mwenye mdogo wa umri huo amshike mapajani kabisa kuanzia wanapofukuzwa bondeni.